Yule Ng'ombe Nimemrudisha

Mwende mwanangu,

Salamu utazipata kwa mdomo ukifika, kwa hivyo hapa naziruka. Nakuandikia jua likiwa bado juu ya kilima, nimekaa jikoni kwangu na mlango nimeuzuia na jiwe, kwa sababu nje kuna watu wa tenti na watu wa viti, na baba yako mdogo Kioko anawaambia wote mahali pa kuweka kila kitu. Wewe utafika giza limeingia, umejaza watu kwa gari na simu kwa kila mkono. Kesho asubuhi ni kwaya, ni padri, halafu unaenda Nairobi kuapishwa bungeni. Sioni mahali nitakapopata nafasi ya kusema kitu bila mtu kuniambia, "Mama, sogea kidogo tupige picha." Ndiyo nimeamua kuandika.

Unajua shule niliachia darasa la nne, na kuandika nilikuja kurudishiwa na ngumbaru, ile shule ya watu wazima pale kanisani, kwa Kiswahili. Kikamba nakiongea vizuri lakini kukiandika kunanishinda. Ukiona nimeandika kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua, nivumilie.

Sitakuambia ule vizuri. Sitakuambia ubebe sweta. Hayo bwanako Kyalo atakuambia, na asipokuambia nitampigia simu mimi mwenyewe. Nataka tuongee juu ya ng'ombe.

Wewe ulisikia kwa simu tu. Mimi niliona, kwa hivyo acha nikueleze vile ilikuwa. Asubuhi, bado nafagia uwanja, lori la bluu likasimama langoni. Nilipoona hiyo rangi nilijua ni la nani, hakuna mtu mwingine hapa aliye na malori ya bluu. Vijana wawili wakashusha dume moja jekundu, nono, limefungwa utepe wa rangi ya chama chako kwa pembe. "Mama, tumetumwa na Mdosi," akasema dereva. "Ni ya sherehe ya Mheshimiwa." Kabla sijafungua mdomo, Kioko alikuwa ameshashika kamba na kufunga ng'ombe kwa nguzo ya lango.

"Shemeji," akaniambia, "hii ni nyama ya kijiji chote na ya kubeba."

"Kioko, unajua huyu ni ng'ombe wa nani."

"Ng'ombe haijasema kitu, shemeji. Imekuja tu kuliwa."

Nikakupigia. Ulikuwa kwa fundi wa nguo hapo Machakos mjini, nilisikia cherehani. Nikakuambia Mwenye Malori ameleta ng'ombe. Halafu ukasema: "Mama, acha akae kwanza. Usimchinje, usimrudishe. Tusikosane na mtu kabla sijaapa. Nikija tutaongea."

Nilibaki nimeshika simu mpaka Kioko akaniuliza kama nimeambiwa mtu amekufa. Sikuwa nimekasirika, Mwende. Nilishtuka kwa sababu hayo maneno nayajua. Ni yangu. Niliyasema mimi, hapo hapo langoni, wewe ukiwa chuoni.

Hii hadithi unaijua, na kwa kampeni umeisimulia watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini wewe huwa unaianzia pale ulipofungua kamba. Acha leo niisimulie kuanzia upande wangu.

Baba yako alikuwa ameshazikwa. Wewe unasoma sheria, na mimi kila nikienda soko la Tala watu wananiuliza, "Huyo msichana wako anasoma mpaka lini?" Nilikuwa naogopa. Naogopa utasoma mpaka wanaume wa rika lako waishe. Naogopa nitakufa nikuache peke yako na vitabu. Wewe unanijua, mimi hata mbwa wa jirani akinyamaza naogopa. Basi siku moja watu wa Mwala wakaja, wazee watu wa heshima, na yule kijana wao wa duka la mbegu, na mbuzi watatu wa ntheo. Na mtoto wa Mkamba yeyote anajua maana yake. Mbuzi wa ntheo wakiingia bomani wakakaa, msichana amepeanwa. Kanisa ni baadaye, karatasi ni baadaye. Mbuzi ndio neno.

Mimi sikusema ndiyo. Lakini hapana ningeisema vipi? Wazee wametembea na jua, wamekunywa uji wangu, wameniombea. Nikasema, "Acha wakae kwanza. Msichana akifunga chuo tutaongea." Na Kioko akasema, unajua alisema nini? "Shemeji, mbuzi haijasema kitu. Funga tu."

Nikafunga. Jua lilikuwa kali, nikawapa maji. Nikawakatia majani. Kesho yake tena, na kesho yake. Moyo wangu ukatulia kabisa, nikaona sijachinja, sijala, sijasema, kwa hivyo hakuna kitu nimefanya. Halafu mmoja akazaa.

Hapo ndipo nilijua nimeingia. Mtoto wa mbuzi anaruka kwa mlango wangu, na watu wa Mwala wamesikia, wametuma sukari na shuka, wananiita mama wa bibi yetu mbele ya watu, kanisani. Na wewe hujui lolote, uko Nairobi unafanya mtihani.

Ulikuja na begi mgongoni ukasimama hapo kwa zizi. Nilikuwa nimejiandaa ulie. Nilikuwa nimejiandaa hata unitukane. Wewe uliuliza tu kwa sauti ya chini, "Mama, hizi mbuzi nani anazipa maji?"

"Ni mimi."

"Tangu zije?"

"Sasa zingekufa na kiu, Mwende?"

"Basi umeshawajibu," ukasema. "Hawa watu hawana makosa. Wewe umewajibu kila asubuhi na ndoo."

Hiyo siku nilijua utakuwa wakili, kabla ya hiyo kofia ya mraba na picha za bustani. Na niliumia. Niliumia kwa sababu hukunipigia kelele. Ungenipigia kelele ningekuwa na kitu cha kujibu.

Kesho yake ukafungua kamba, ukashika njia ya Mwala na mbuzi watatu mbele. Mimi nyuma, nimembeba yule mtoto wa mbuzi ndani ya kiondo, kichwa kiko nje, analia njia nzima, na kila tuliyempita alijua tunaenda wapi na kwa nini. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Kalekye alikuwa shambani kwake akapaza sauti, "Mama Mwende, mmenunua au mnauza?" Mpaka leo sijamsamehe, ingawa ndiye rafiki yangu.

Na huko Mwala, wakati wazee walikuwa wamekubali, yule mjomba wao mnene akasema, "Huyu mdogo amezaliwa kwenu, mbaki naye. Ni zawadi." Mimi nilikuwa nishakubali. Nilikuwa nimechoka kumbeba, na alikuwa mzuri. Wewe ukasema, "Mzee, nikibaki na huyu, mtakuja kumwangalia. Mimi nataka tukikutana sokoni tusalimiane bila mtu kuuliza mbuzi wake anaendeleaje." Wakacheka. Yule kijana mwenyewe aliangalia chini, halafu akasema, "Mimi pia niliambiwa tu." Na mama yake akachukua kamba mkononi mwako, akasema, "Huyu angetuamulia kesi hapa kila jioni. Rudini salama."

Kyalo alipoleta mbuzi wake baadaye, wewe umemchagua mwenyewe, niliwapokea kwa mikono miwili na maji nikawapa nikiimba. Kwa hivyo usifikiri nina vita na mbuzi, wala na zawadi. Ninachosema ni ile ndoo. Kwa mikutano wapinzani walikuita Mrudisha Mbuzi wakidhani ni tusi, na wamama wakalichukua jina wakaliimbia barabarani mpaka nyinyi mkaliandika kwa fulana. Lakini ndoo hujawahi kuisimulia. Najua ulikuwa unanifichia aibu, na asante. Leo naitoa mwenyewe.

Sasa tuje kwa mto, kwa sababu Mwenye Malori hakutuma ng'ombe kwa sababu anapenda sherehe.

Ulipofungua ile ofisi yako Machakos mjini, juu ya duka la gambuti, wateja wako walikuwa wanakulipa na kuku na dengu. Nilikuwa nakuja na chakula, nakaa kwa benchi pamoja na watu wa kesi za mashamba ya urithi, nasikiliza. Ulikuwa unawaambia maneno ambayo hawataki. "Mzee, hapa huna kesi. Rudi nyumbani ukaongee na ndugu yako." Nilikuwa nasema moyoni, huyu mtoto atakufa njaa, anafukuza wateja. Kumbe hao uliowafukuza ndio walikuwa wanaenda kukusifu. Wakati wa kura nilimwona mmoja wao anatembea na fimbo kutoka mbali, akaniambia, "Nampigia yule aliyeniambia nimekosa."

Na wakati huo huo, mimi huku nilikuwa na kibanda cha chai mtoni. Malori ya bluu yalikuwa yameanza kuja kuzoa mchanga, na wapakiaji wana njaa, wanakunywa chai kama wamekatazwa kesho. Nilifurahi. Nilipiga bati mpya kwa hii nyumba na hiyo chai. Kila siku lori linajaa mbele yangu, na mimi nachovya kikombe, nasema karibuni tena. Sikuona kitu. Sisi ambao tumezaliwa kwa mto mkavu tunajua kuwa mchanga ndio unatushikia maji, mvua ikienda maji yanabaki chini yake, unachimba na mkono unapata. Hilo nilinyonya na maziwa ya mama yangu. Na bado nilikaa hapo nikiuza chai, shimo la maji likienda chini, kwanza mpaka kiwiko, halafu mpaka bega, halafu natumia kata iliyofungwa kwa mti, na nasema ni kiangazi.

Ni wewe uliyekuja Jumapili moja ukaniuliza, "Mama, hiki kiangazi mbona kiko hapa tu? Kule juu hawana." Na juu ilikuwa kweli, kwa sababu juu malori hayafiki, ni mawe.

Sisi wamama wa mwethya tukakaa. Wewe unajua mwethya ilivyo, leo tunalima kwa huyu, kesho tunajenga kwa yule, hakuna mdosi. Tulikuwa tumebeba mawe migongoni kujenga ukuta wa kuzuia mchanga, tukiwa vijana, wengine wana mimba, mimi nilikuwa na yako. Tukasema kama tulijenga pamoja, tutaenda kortini pamoja. Wakili tunaye.

Siku ya kusimama pale mbele kutoa ushahidi, usiku sikuwa nimelala. Ulikuwa umeniambia kitu kimoja tu. "Mama, wakikuuliza jambo la kukuaibisha, lijibu lote. Usijibu nusu." Na kweli, wakili wa Mwenye Malori akasimama, kijana mtanashati, akaniuliza kwa upole, "Mama, si ni wewe uliyekuwa unawauzia chai wafanyakazi wa mteja wangu?"

Nilikuangalia. Wewe ulikuwa unaandika, hukuinua kichwa. Nikasema, "Ni mimi. Niliwauzia, na nilifurahi. Na maji ya hiyo chai niliyatoa hapo hapo walipokuwa wanachimba. Sasa siuzi, kwa sababu hakuna."

Haikumaliza kesi. Yule kijana aliniuliza mengine mengi na mengine nilichanganya, nikamwita hakimu mwalimu, watu wakacheka. Lakini nilipotoka nilikuwa mwepesi. Tangu hapo mtu akitaja chai siangalii chini. Ulinifundisha wewe hilo, nami nakurudishia.

Korti ikasimamisha malori upande wetu, Mwenye Malori akakata rufaa, na wewe kila mkutano ukawaambia watu kuwa ukifika bungeni utapeleka sheria ya mito, mchanga usizolewe bila wanaokunywa hapo kukubali. Watu hawakukupigia kura kwa sababu ya ile suti. Walikupigia kwa sababu ya hilo neno. Na yeye alilisikia kama sisi.

Basi leo nikafanya ulivyosema, nikaacha ng'ombe akae kwanza. Nikaenda kuchagua maharagwe. Jua likapanda. Mchana, ng'ombe akaanza kulia pale langoni, na ng'ombe akilia na kiu unajua inaingia mpaka kwa mifupa. Nikasema huyu mnyama hana kosa. Nikachukua ndoo, nikajaza kwa tangi, nikatoka. Nilifika katikati ya uwanja, ndoo imejaa, watu wa tenti wananiangalia, nikasimama.

Mwende, nilisimama hapo kama mtu aliyesahau jina lake. Nikasikia sauti yako pale zizini: umeshawajibu, kila asubuhi na ndoo.

Nikamwaga maji kwa shina la mpapai. Nikamwita Kalekye. Alikuja na fimbo bila kuuliza. Nikafungua kamba. Kioko akakimbia kutoka kwa viti.

"Shemeji, unafanya nini? Mwende amesema akae!"

"Mwende hayuko. Mimi niko."

"Watu watakula nini kesho?"

"Watakula kwangu."

Akakasirika mpaka akaketi kwa kiti cha plastiki, na kiti kikavunjika. Kalekye alicheka mpaka akasahau fimbo. Utamkuta Kioko bado amenuna, mbembeleze kidogo, ni mzee na alikuwa ameshaahidi watu mbavu.

Tukateremka, njia ya kwa Mwenye Malori, ng'ambo ya mto. Mnyama ana nguvu, lakini ana kiu, na tulipokaribia mto alinusa maji akatuvuta sisi. Pale kwa ukuta wetu mchanga umeanza kurudi, umeona? Shimo la maji sasa liko kwenye kiwiko. Kalekye akasema, "Mzuie, si ulisema hatakunywa?" Nikamwambia nilisema hatakunywa kwangu. Mto si wangu. Mto ni wa kila mwenye kiu. Tukamwacha. Alikunywa, shimo likajaa tena, akakunywa tena. Tulikaa kwa mchanga tukimngoja, wanawake wawili wazee, na mimi nikawa najiambia maneno nitakayosema huko juu, na yote yakanipotea.

Mwenye Malori alitukuta kwa lango lake. Si mtu mbaya, wacha nikuambie hivyo kabla hujafika huko Nairobi na kuona watu wabaya wanafanana vipi. Mama yake tulibeba naye mawe ya ule ukuta. Alitoka na kandambili, akashika kichwa.

"Mama, umejichosha bure. Ungenipigia simu kijana aje."

"Aje kumchukua?"

Akacheka. "Kwani Mheshimiwa amekataa?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Nikakumbuka kujibu lote. Nikasema, "Mheshimiwa alisema akae kwanza. Ni mimi nimekataa. Ile ni boma yangu, na kinachofungwa langoni kwangu nafunga mimi."

"Ni zawadi tu, mama. Mimi pia ni mtu wake. Kesi ni kesi, ng'ombe ni ng'ombe."

"Kwako ni vitu viwili. Kwangu vilikuja na lori moja."

Akaangalia ule utepe kwa pembe, kama ndiyo kwanza anauona. Nikamwambia, "Amekunywa njiani, pale mtoni kwa ukuta wetu. Ameshiba." Alichukua kamba. Nikamwambia aje kesho, kuna mahindi ya muthokoi ya kutosha na nyama ya beberu wangu mmoja, na kiti chake kipo kama cha mtu yeyote. Akauliza kama natania. Nikasema sijui kutania, Kalekye ndiye anajua.

Akija, mpe mkono. Mwonyeshe kiti kati ya watu, si mbele wala si nyuma. Mjibu akikuuliza. Na rufaa yake aipiganie kortini dhidi ya wakili mwingine utakayetutafutia sisi wa mwethya, kwa sababu umesema mbunge hatasimama tena kutetea kesi. Hilo limetutia hofu kidogo, lakini tumezungumza, tutalizoea.

Sasa labda umekasirika. Labda una sababu ambazo mimi sizijui, siasa ina mahesabu yake, na pengine nimekuharibia kitu. Kama ni hivyo, uniambie, nitasikiliza. Lakini nilivyoelewa ni hivi: wewe hukutaka ng'ombe. Wewe uliogopa kumkasirisha mtu siku moja kabla ya siku yako. Huo woga ni wangu, ulirithi kwangu pamoja na hayo masikio, na baba yako hakuwa nao hata kidogo. Kwa hivyo nimeuchukua nikautembeza mpaka ng'ambo ya mto. Ule uliobaki utautembeza mwenyewe, kwa sababu huko unakoenda hawataleta ng'ombe aliyekonda. Wataleta mzuri, na utepe, na watu wenye heshima wamemshika kamba, na watasema hajasema kitu. Na mimi sitakuwepo na Kalekye na fimbo.

Lakini siogopi sana. Mimi, mwoga, nakuandikia kwamba siogopi sana. Nilikuona ukiwa na begi mgongoni, hujawahi hata kupewa kesi, na ulirudisha mpaka mtoto wa mbuzi. Mtu wa namna hiyo akisema "acha akae kwanza," amechoka tu. Lala leo. Kesho utakuwa wewe.

Chakula usijali. Wamama wa mwethya wanaleta kila mmoja sufuria yake, wengine wameshafika, naona moshi. Kitu kimoja ndicho kimebaki cha yule ng'ombe, na hili nakuachia wewe wakili. Ameacha samadi pale langoni, nyingi, na Kalekye anataka kuipeleka kwa miche yake ya sukuma. Mimi nimemwambia angoje. Kwa mbuzi ulirudisha mpaka aliyezaliwa kwetu, sasa sijui kwa samadi sheria inasema nini. Ukifika utuamulie.

Halafu kitu cha mwisho. Kesho kabla hujaingia kwa gari, kwaya ikiwa inaimba, nitakuja mbele. Watu wa picha watataka nikukumbatie. Nitakukumbatia baadaye. Kwanza unipe mkono wa kulia, ule utakaouinua ukiapa, ufungue kiganja, nikutemee mate ya baraka kama mama yangu alivyonitemea mimi siku naolewa. Utafungua kiganja mbele ya watu wote na hakutakuwa na alama ya kamba ya mtu. Ndiyo maana nilitembea.

Usipanguse. Hata kama kamera ziko. Kiache kikauke chenyewe njiani.

Mama yako